Umri wa Sarafu Si Bei Yake

Senti 10 ya Afrika Mashariki ya mwaka 1936, yenye tundu katikati na pembe za ndovu pembeni, imeandikwa jina la Edward VIII. Mfalme huyo wa Uingereza alijiuzulu Desemba 1936 kabla ya kuvikwa taji, na sarafu za Uingereza zenye sura yake hazikuingia sokoni. Zile chache za majaribio zilizosalia huuzwa kwa bei ya nyumba. Sarafu zetu, kwa kuwa zina tundu, hazikuhitaji sura, jina pekee lilitosha. Kwa hiyo zilifuliwa kwa wingi, na hadi leo mkusanyaji mwenye kipato kidogo anaweza kuzinunua bila kuumia. Mfalme ni yule yule, lakini bei ziko mbali kama mbingu na ardhi. Kinachoamua bei ni wingi wa sarafu zilizobaki, hali zake na idadi ya wanaozitaka.

Kazi ya kutambua huanza kwa kumjua mtoaji. Chukua mfano wa mizani. Sarafu ya shaba yenye picha ya mizani na maandishi ya Kiarabu huenda ikawa pesa ya Sultani Barghash wa Unguja. Lakini Kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani ya Kenya nayo ilitoa pesa yenye mizani. Hiyo ina jina la Mombasa na mwaka 1888 kwa herufi za Kilatini. Anayetazama picha tu atazichanganya, anayesoma maandishi pande zote mbili hatakosea.

Kisha mwaka. Pesa ya Barghash ina tarakimu ١٢٩٩, yaani 1299 ya Hijria. Tarakimu hizo husomwa kutoka kushoto ingawa herufi zinazozizunguka zinasomwa kutoka kulia. Ili kupata mwaka wa Miladi kwa kukadiria, zidisha kwa 0.97 kisha ongeza 622: jibu ni 1882. Mwaka nao una mitego. Thala ya Maria Theresa, sarafu ya fedha ya Austria, imeandikwa 1780, mwaka aliofariki malkia huyo, lakini iliendelea kufuliwa kwa tarehe hiyo hiyo hadi karne ya 20. Kwa hiyo wengi wanaodhani wanamiliki kitu cha karne ya 18 wana nakala rasmi ya miaka mingi baadaye.

Baada ya mwaka, tafuta herufi ndogo za kiwanda. Kwenye senti 10 ya 1936, H ni kiwanda cha Heaton na KN ni King's Norton, vyote vya Birmingham. Kwenye heller, sarafu ndogo za koloni la Wajerumani la Afrika Mashariki, A ni Berlin na J ni Hamburg. Heller 20 ya mwaka 1916 yenye T ilifuliwa Tabora wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, meli zilipokuwa haziwezi kuleta sarafu kutoka Ujerumani. Herufi moja inaweza kuitenganisha sarafu ya kawaida na ile adimu, hivyo kioo cha kukuzia ni kifaa cha lazima.

Madini yanahitaji hesabu. Shilingi ya Afrika Mashariki ya kati ya 1921 na 1946 ina uzito wa gramu 7.78, na robo yake tu ni fedha: takriban gramu 1.94. Shilingi za kuanzia 1948 ni shaba na nikeli, hazina fedha kabisa. Sumaku haitakusaidia hapa, kwani haivuti ya zamani wala ya baadaye. Mwaka ndio unaotoa jibu. Thala ya Maria Theresa ina gramu 28.07 na fedha asilimia 83.3, yaani gramu 23.4 hivi. Kwa hiyo hata ikichakaa, haishuki chini ya thamani ya fedha iliyomo. Heller ya shaba haina kinga hiyo. Bei yake inategemea wakusanyaji peke yao.

Mwisho ni hali. Angalia sehemu zilizoinuka zaidi: nywele za mfalme, manyoya ya simba. Zikiwa zimelainika, bei hushuka sana. Kisha linganisha na bei ambazo sarafu kama hiyo imeuzwa kweli, si bei ambazo wauzaji wanaomba. Kumbuka pia kwamba mfanyabiashara atakupa pungufu ya bei ya katalogi, kwani naye lazima ale.

Usisugue sarafu kwa ndimu, majivu wala dawa ya kung'arisha. Rangi nyeusi ya miaka hairudi tena ikishaondolewa, na mkusanyaji mzoefu huitambua sarafu iliyosuguliwa mara moja na kuikataa. Kabla ya kuuza zile za babu, zisome, zipime, na uandike zilikopatikana. Nyingi hazitakutajirisha, lakini kila moja ni ushahidi wa nani alitawala hapa, na ushahidi huo unastahili kuhifadhiwa hata pale bei yake ni ndogo.