Ukumbi ni wa Nani? Fundisho la Free Trade Hall, Manchester

Wapo ndugu wanaodai kwamba muziki hauna tabaka: mpigaji anapiga, msikilizaji anasikiliza, basi. Hoja hiyo inasahau swali la msingi, yaani ukumbi wenyewe ni wa nani. Tuchukue mfano wa Free Trade Hall, mjini Manchester, Uingereza.

Tarehe 16 Agosti 1819 watu wapatao 60,000, wengi wao wafumaji na jamaa zao, walikusanyika katika uwanja wa St Peter's Field kudai haki ya kuchagua wabunge. Askari wa farasi waliwavamia kwa mapanga. Watu wasiopungua 15 waliuawa, mamia wakajeruhiwa. Juu ya ardhi hiyo hiyo mabepari wa viwanda walijenga ukumbi wao, ukakamilika mwaka 1856. Haukuwa ukumbusho wa waliouawa. Ulikuwa ukumbusho wa ushindi wa mabepari dhidi ya makabaila, pale sheria za ushuru wa nafaka zilipofutwa mwaka 1846. Ndiyo maana ukapewa jina la Biashara Huria. Mwaka 1858 okestra ya Charles Hallé ikaanza kupiga humo.

Lakini jengo halimtii mjenzi wake siku zote. Tarehe 31 Desemba 1862 wafanyakazi wa Manchester walikutana humo. Vita vya Marekani vilikuwa vimezuia pamba, viwanda vimesimama na njaa imeingia majumbani. Hata hivyo walipitisha azimio la kumuunga mkono Lincoln dhidi ya mabwana wa watumwa. Wenye njaa walikataa mkate uliotoka katika jasho la Mwafrika aliyefungwa minyororo. Ukumbi wa mabepari ukawa jukwaa la wanyonge.

Mabomu ya mwaka 1940 yaliuteketeza. Manispaa ikaujenga upya, ukafunguliwa mwaka 1951. Hapa wengine watasema: sasa ni mali ya umma, tatizo limekwisha. La, hasha! Mwaka 1996 okestra ilihamia Bridgewater Hall, na mwaka 1997 manispaa hiyo hiyo ikauuza ukumbi. Kuta za mbele ziliachwa, ndani kukabomolewa, na mwaka 2004 ikafunguliwa hoteli ya kifahari. Klabu ya Haçienda, iliyofunguliwa mwaka 1982 na kufungwa mwaka 1997, nayo ilibomolewa, zikajengwa nyumba zenye jina lake. Ubepari huufukuza muziki kwanza, kisha huuza jina lake.

Mwaka 2023 ukumbi mdogo wa The Snug, huko Atherton, mji uliokuwa wa wachimba makaa, ulinunuliwa kwa hisa za wananchi ili usipotee. Ni hatua njema, ingawa hisa hununuliwa na mwenye akiba.

Fundisho ni wazi. Mali ya umma isiyosimamiwa na umma ni mali inayomngojea mnunuzi. Kada anayefundisha utamaduni aanze na hati ya kiwanja, ndipo aje kwenye wimbo.