Daktari na Mgonjwa Aliyenyamaza

Wasomaji wetu wengi wanamfahamu Frantz Fanon kwa kitabu kimoja, kile kilichotafsiriwa na Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga na kuchapishwa mwaka 1978 kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Huyo ni Fanon mshtaki. Fanon tabibu, aliyepita kitanda kwa kitanda katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Blida nchini Aljeria, hatajwi sana madarasani, ingawa bila yeye yule wa kwanza asingalikuwapo. Hapa tunakusudia kumtazama huyu wa pili, hasa katika sura ihusuyo utabibu na ukoloni iliyomo katika kitabu chake cha mwaka 1959, L'An V de la révolution algérienne, yaani Mwaka wa Tano wa Mapinduzi ya Aljeria.

Sura hiyo inashika jambo la kila siku. Mgonjwa Mwaljeria ameingia kwa daktari Mfaransa. Anaulizwa panapomuuma; anajibu kwa neno moja, au hajibu kabisa. Anapewa dawa, hazitumii kama alivyoelekezwa. Anaambiwa arudi siku fulani, haonekani. Daktari anahitimisha kwamba watu hawa ni wajinga wasiojua faida yao. Fanon anakataa hukumu hiyo. Kwake yeye, kimya kile ni jibu. Daktari amekuja na jeshi lile lile lililoitwaa nchi, na mara nyingine yeye mwenyewe ana shamba katika ardhi iliyonyang'anywa. Mgonjwa atatofautishaje mkono unaompima na mkono unaompiga? Vita vilipoanza mwaka 1954 shaka hiyo ilithibitika. Serikali ya kikoloni ilizuia uuzaji huru wa dawa za kuua vijidudu, spiriti na kinga ya pepopunda, na wako madaktari waliowafichua majeruhi kwa polisi.

Hadi hapo hatuna budi kumsifu. Wachache kabla yake waliwahi kumsoma mgonjwa anayekataa dawa kama mtu mwenye hoja. Lakini sura inapoelekea mwisho, mwandishi anabadilika. Anasema wapiganaji walipoanzisha huduma zao wenyewe, watu walipokea utabibu mpya mara moja. Vyoo walivyovikataa vilipoamriwa na mkoloni sasa vilichimbwa kwa wingi, na imani za majini na waganga zikaporomoka. Kuhusu vyoo tunamwamini. Kuhusu waganga, tunaona kwamba tumaini la mpiganaji limetangulia macho ya tabibu.

Sisi Watanzania tunalo la kusema hapa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu vijijini katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana, na vyoo vikachimbwa kwa wingi ajabu. Mtu angedhani waandaaji walikuwa wamemsoma Fanon ukurasa kwa ukurasa. Hata hivyo waganga wa jadi hawakutoweka. Mwaka uliofuata, 1974, kilianzishwa pale Muhimbili kitengo cha kuchunguza dawa za asili. Taifa huru lilikuwa limeichukua hospitali mikononi mwake, na bado likaona kwamba kuna haja ya kumsikiliza mganga. Mgonjwa wetu huenda hospitali asubuhi na kwa mganga jioni, wala hajioni kuwa ameisaliti mapinduzi.

Ajabu ni kwamba Fanon mwenyewe alikwisha kulijua jambo hili. Mwaka 1954, pamoja na msaidizi wake Jacques Azoulay, aliandika makala kuhusu kushindwa kwake. Alikuwa na wodi ya wanawake wa Kizungu 165 na wodi za wanaume Waislamu 220. Kwa wanawake alianzisha sherehe, gazeti, michezo na kazi za mikono, nao wakachangamka. Akayapeleka yale yale kwa wanaume, yakafa. Gazeti la nini kwa watu ambao wengi wao hawasomi? Kusuka vikapu, wakati ufundi huo wao huuona kuwa ni wa wanawake? Fanon hakuwalaumu wagonjwa. Aliandika kwamba kosa lilikuwa lake, kwa kuwa alileta desturi za Ulaya akidhani ni desturi za binadamu wote. Tena hakujua lugha yao, na mkalimani alisimama kati yao kama ukuta. Ndipo wodini ukafunguliwa mkahawa wa kienyeji, sikukuu za Kiislamu zikaadhimishwa, na msimulizi wa ngano akaalikwa.

Kwa maoni yetu makala hayo mafupi, yasiyo na kishindo, yanaipita ile sura mashuhuri. Katika sura Fanon anajua. Katika makala anajifunza, na tunamwona akijifunza. Mwalimu wa kidato cha tano atakayeyasoma yote mawili pamoja na wanafunzi wake atapata mjadala wa majuma kadhaa.

Fanon alifariki tarehe 6 Desemba 1961, akiwa na umri wa miaka 36, siku tatu kabla ya uhuru wa Tanganyika na miezi saba kabla ya ule wa Aljeria. Hakupata kukaa hata siku moja katika hospitali ya nchi huru aliyoipigania, akamwona mgonjwa wake akinyamaza mbele ya daktari wa taifa lake mwenyewe.