Mapambo ya Jicho katika Maigizo ya Maandishi

Miongoni mwa sanaa changa za maandishi iko moja isiyotajwa sana madarasani, nayo ni igizo linalotungwa na watu wengi kwa zamu katika intaneti. Kila mshiriki huchukua mhusika wake, huandika bandiko la mistari michache au la kurasa mbili, kisha humwachia mwenziwe aendeleze kisa. Hapana jukwaa wala pazia, wala mchezaji hamwoni mchezaji. Yote yaliyomo hubebwa na neno lililoandikwa. Kwa sababu hiyo ingetazamiwa kwamba mshiriki asiyeona awe sawa na wenziwe katika mchezo huu kuliko katika mchezo mwingine wowote.

Asili yake ilielekea huko. Mwaka 1978, katika Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw alianzisha mchezo wa kompyuta ulioitwa MUD, na Richard Bartle akauendeleza. Ndani yake chumba, njia, mlango na adui vilikuwa sentensi tupu. Michezo ya ukoo huo ingali na wapenzi wasioona hata leo, maana kisoma skrini, yaani programu isomayo kwa sauti maandishi ya kompyuta au simu, au kuyapeleka kwenye kibao cha nukta za Braille, hupata humo chakula chake halisi. Na kisoma skrini chenyewe kimekuwa rahisi kupatikana: JAWS ya Windows ilitoka mwaka 1995, NVDA, ambayo hutolewa bure, ilianzishwa Australia mwaka 2006, na tangu 2009 simu ya iPhone imekuja na VoiceOver ndani yake. Ajabu ni kwamba chombo kilipokuwa chepesi, maandishi yalizidi kuwa mazito kusikika.

Kosa la kwanza ni la herufi. Washiriki wengi hupenda jina la mhusika lipendeze, basi huliandika kwa herufi nzito au za mwandiko wa mkono zilizonakiliwa kutoka mahali pengine. Herufi hizo hazikuwekwa kwa ajili ya majina. Ziliingizwa katika orodha ya Unicode mwaka 2001 kwa haja ya wanahisabati, ambao kwao H ya kawaida na H ya mwandiko zaweza kuwa vitu viwili katika mlinganyo mmoja. Jina Zahara likivikwa vazi hilo, kisoma skrini chaweza kutaja kila herufi kwa cheo chake chote cha kihisabati, mara sita, au kikaliruka jina zima kana kwamba halikuandikwa. Toleo moja la NVDA la mwaka 2024 liliongeza njia ya kuzirudisha herufi za namna hii katika umbo la kawaida. Ni msaada mwema, lakini msikilizaji hana budi kwanza ajue kwamba upo. Emoji nazo zina majina yake rasmi: moja mwishoni mwa sentensi huvumilika, lakini kumi na mbili zilizotiwa katikati ya maneno humkatiza msomaji kama kikohozi hotubani.

Kosa la pili ni zito zaidi, kwa kuwa ni la utunzi wenyewe. Imekuwa desturi kutenga tendo na usemi kwa alama: tendo hutiwa kati ya nyota, usemi huachwa wazi. Natoa mfano niliouunda mwenyewe:

*anafungua mlango* Nani? *ananyamaza* Wewe tena...

Jicho huyapokea haya mara moja. Sikio, kwa kadiri chombo kilivyopangwa, hupata ama «nyota anafungua mlango nyota nani nyota ananyamaza nyota wewe tena», ama maneno yale yale bila nyota, hata isijulikane lipi limenenwa na lipi limesimuliwa. Nukta za mwisho, zilizobeba uchungu wote wa kauli, zaweza kupita kimya. Sasa tuandike hivi:

Zahara alifungua mlango, akauliza, «Nani?» Akanyamaza, mkono ungali juu ya komeo, kisha akasema, «Wewe tena.»

Maneno yameongezeka, nayo yamelipa. Katika sura ya kwanza mtunzi hakulazimika kuamua lolote juu ya ule unyamavu. Aliweka nukta tatu, akamwachia msomaji kazi. Katika sura ya pili nukta zimegeuka mkono. Watunzi wetu wa tendi walilijua jambo hili kwa lazima. Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, ni wa sanaa iliyoghaniwa mbele ya wasikilizaji, na katika sanaa hiyo mhusika anapoingia kusema mara nyingi hutangulizwa na kitenzi: akanena, akajibu, akamwambia fulani. Msikilizaji hana haja ya kuuona ukurasa.

Rangi ni mbaya kuliko nyota. Wahusika watatu wakigawiwa nyekundu, buluu na kijani pasipo majina, kisoma skrini katika usomaji wa kawaida hakitaji rangi, na watatu hao huwa mtu mmoja mwenye wazimu. Wasifu wa mhusika uliopigwa picha, bila maelezo yaliyoambatanishwa nayo, ni ukurasa mtupu.

Wako wasemao kwamba mapambo ni haki ya mtunzi. Siikatai haki hiyo. Khati nzuri ni sanaa, na kichwa cha bandiko kilichorembwa, ikiwa kimerudiwa chini yake kwa herufi za kawaida, hakimdhuru mtu. Ninalolikataa ni pambo lililopewa kazi ya sentensi. Sipendezwi pia na wema uliopita kiasi, wa yule aelezaye rangi ya kila tofali kwa kudhani kwamba asiyeona hana fikira za kujijazia. Huyo huchosha wote pamoja.

Igizo hili ni la zamu, na zamu haingoji. Mshiriki asiyeona hurudia bandiko mara tatu, neno kwa neno, apate kujua ni nani aliyesema na ni nani aliyeondoka. Wenziwe, wasiojua kilichomchelewesha, hudhani amechoka na kisa, hukisukuma mbele, na mhusika wake huachwa amesimama mlangoni.