Muziki Uliokimbia na Sungura

Tukiwasifu waliotengeneza katuni fupi za sinema za Warner Bros., tusiishie kwa wachoraji. Carl Stalling anastahili kiti cha mbele. Alianza kwa kupiga kinanda katika majumba ya sinema ya Kansas City, enzi za filamu zisizo na sauti, akiisindikiza picha papo kwa papo. Ujuzi huo alikwenda nao Hollywood, na kuanzia 1936 hadi alipostaafu 1958 alitunga muziki wa mamia ya katuni, za sungura Bugs Bunny na za Daffy Duck zikiwemo.

Na ilikuwa kazi kwelikweli! Ndani ya dakika saba hivi mtu ananyata, anashtuka, anaporomoka jabalini, na kila tendo linadai noti zake kwa wakati wake hasa. Penye mitambo inayonguruma, Stalling aliazima muziki wa “Powerhouse” wa mtunzi Raymond Scott. Okestra nzima ya studio, ileile ya filamu kubwa, iliupiga mzaha huo kwa umakini wote. Ndiyo maana hata mtoto asiyejua Kiingereza hucheka mahali panapostahili: fidla zimeshamnong’oneza kwamba sungura ana hila.