Utulivu wa Ubongo na Amani ya Kristo

Katika sharika zetu za Dodoma na vijiji vya jirani kuna swali linaloulizwa sasa mara nyingi, hasa na vijana wa vyuo na watumishi wa serikali waliohamia makao makuu. Je, Mkristo anaweza kufanya tahajudi? Je, anaweza kukubali kutibiwa kwa hipnosisi? Majibu yanayotolewa mimbarani ni ya aina mbili. La kwanza linasema mambo haya ni mlango wa mapepo, na kwamba anayekaa kimya akifuatilia pumzi zake amekwisha kumkaribisha adui. La pili, linalosikika zaidi katika semina za mafanikio, linasema sala, tahajudi na nguvu ya akili ni kitu kimoja, na anayejua kuutuliza ubongo wake amepata ufunguo wa afya, fedha na ndoa.

Tunayapinga majibu yote mawili. Walioyatoa hawakuangalia kwanza ni nini kinachotokea ndani ya mwanadamu, na wanaoumia kwa kosa hilo ni wagonjwa.

Maana ya maneno

Neno tahajudi wenzetu Waislamu hulitumia kwa sala ya usiku. Siku hizi watu wengi wamelichukua kutaja zoezi la kukaa kimya, kuutuliza mwili na kuelekeza mawazo mahali pamoja, iwe kwenye pumzi au kwenye neno moja. Mazungumzo haya hayakuletwa kwetu na simu za mkononi. Wanaolikumbuka gazeti la Jitambue la marehemu Munga Tehenan wanajua kwamba habari za utambuzi na nguvu ya fikra zilisomwa mitaani tangu miaka ya mwanzo ya 2000.

Hipnosisi ni hali ya mtu kuzama katika jambo moja mpaka mengine yanayomzunguka yanafifia, na maneno ya anayemwongoza yanapokelewa kwa wepesi kuliko kawaida. Jina hilo lilienezwa miaka ya 1840 na James Braid, daktari Mskoti aliyefanya kazi Manchester, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi. Baadaye yeye mwenyewe aliona jina halifai, maana mtu huyo hajalala. Anasikia na anaweza kujibu.

Tofauti moja tuishike tangu mwanzo. Katika tahajudi mtu hujiongoza mwenyewe, hata kama alifundishwa na mwingine. Katika hipnosisi kwa kawaida huongozwa na sauti ya mtu mwingine, na hapo ndipo swali la mamlaka linapoingia.

Padri, daktari na mti

Historia ya hipnosisi inagusa kanisa kuliko wengi wanavyodhani. Miaka ya 1770, kusini mwa Ujerumani, padri mmoja Mkatoliki aitwaye Johann Joseph Gassner alivuta makutano makubwa kwa kukemea pepo. Aliamuru maumivu yaje, yakaja. Akaamuru yaondoke, yakaondoka. Mwaka 1775 daktari Franz Anton Mesmer aliombwa atoe maoni. Alisema padri yule ni mtu mkweli, ila bila kujua anatumia nguvu ya asili ambayo Mesmer aliiita usumaku wa viumbe hai. Kisha Mesmer mwenyewe akahamia Paris, na wagonjwa wakaanza kuanguka na kutetemeka mbele yake.

Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa aliunda tume ya kuchunguza jambo hilo, na Benjamin Franklin alikuwa mmoja wa wajumbe wake. Katika bustani ya Franklin huko Passy, mti mmoja ulitiwa huo usumaku. Kijana mmoja akafungwa macho na kupelekwa kwenye miti mingine, isiyotiwa kitu. Alipofika mti wa nne alizimia. Tume ikahitimisha kwamba usumaku ule haupo, na kwamba kilichomwangusha ni matarajio yake mwenyewe. Tume haikusema kwamba kuanguka kwake hakukutokea. Alianguka kweli, lakini nguvu haikuwa katika mti.

Tunaisimulia habari hii kwa sababu kila mchungaji wa nchi hii amewahi kuona watu wakianguka. Kuanguka kunaonyesha kwamba mtu amesadiki jambo kwa nguvu. Hakuonyeshi bado kwamba jambo alilolisadiki ni la kweli, wala nguvu hiyo imetoka kwa nani.

Yanayojulikana kuhusu ubongo

Mwaka 1997 Pierre Rainville na wenzake huko Montreal walichapisha utafiti ambao watu waliingiza mikono katika maji ya moto wakiwa katika hipnosisi. Walipoambiwa kwamba maumivu yale hayasumbui sana, kazi ya sehemu ya ubongo inayohusika na uchungu wa maumivu ilipungua, huku sehemu inayopokea taarifa ya maumivu yenyewe ikiendelea na kazi yake karibu kama kawaida. Moto uliendelea kuhisiwa, ila mateso yake yalibadilika. Kwa hiyo anayesema hipnosisi ni maigizo tu amekosea.

Mwaka 2016 David Spiegel na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza walichokiona katika picha za ubongo. Walipima watu 545 wakachagua 57: 36 wanaoingia kwa urahisi sana katika hali hiyo na 21 wasioingia kirahisi. Katika wale 36, sehemu inayokagua mazingira na kuamua lipi la kuhofia ilipunguza kazi. Mawasiliano kati ya sehemu ya mbele inayopanga na sehemu inayosikiliza hali ya mwili yaliongezeka. Na mawasiliano kati ya sehemu hiyo inayopanga na mtandao unaohusika na mtu kujifikiria mwenyewe yalipungua. Kwa lugha ya kawaida, mlinzi wa getini amesinzia, maneno yanaufikia mwili kwa urahisi, na mtu hajitazami sana anapotenda. Watu pia hawalingani. Wapo wanaozama upesi na wapo wasiozama kabisa, na hilo halihusiani na wingi au uchache wa imani yao.

Kuhusu tahajudi, mwaka 2014 watafiti wa Johns Hopkins walikusanya majaribio 47 yenye washiriki 3,515. Waliona kwamba tahajudi ya kuwa makini na wakati uliopo inapunguza kwa kiasi wasiwasi, huzuni nzito na maumivu. Hawakuona kwamba inashinda dawa au mazoezi ya mwili. Yapo pia madai kwamba wiki nane za zoezi hilo hubadilisha umbo la ubongo. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison walilipima jambo hilo kwa watu zaidi ya 200 na hawakuyaona mabadiliko hayo. Hivyo yule mwalimu wa semina anayeahidi ubongo mpya kwa wiki nane anaahidi kuliko ushahidi. Na mchungaji anayesema hakuna chochote ndani yake ila shetani analazimika kueleza kwa nini wasiwasi wa watu hupungua kwa kiasi kilekile cha kawaida ambacho hupungua kwa mazoezi ya mwili.

Kutafakari kwa Biblia na kwa Luther

Biblia ya Kiswahili inalo neno kutafakari katika Yoshua 1:8 na katika Zaburi ya kwanza. Kitenzi cha Kiebrania kilichopo hapo ni hagah, na kazi zake nyingine zinashangaza. Katika Isaya 31:4 hutumika kwa ngurumo ya simba juu ya mawindo yake, na katika Isaya 38:14 kwa mlio wa hua. Ni neno la mdomo na koo. Anayetafakari sheria ya Bwana hajaondoa kila kitu akilini mwake. Ana Neno kinywani, analirudiarudia kwa sauti ya chini kama mtu anayetafuna.

Martin Luther aliishi na desturi hii. Mwaka 1535 alimwandikia kinyozi wake, Petro, namna rahisi ya kuomba. Alimshauri achukue amri moja au ombi moja la Baba Yetu na kulisokota kama taji la nyuzi nne: fundisho, shukrani, maungamo na ombi. Mwaka 1539, katika dibaji ya maandiko yake ya Kijerumani, alitaja mambo matatu yanayomfanya mtu kuwa mwanateolojia: sala, kutafakari na majaribu. Kutafakari kwake ni kusoma na kurudia neno lililo nje yetu, na mwisho wake hauishii katika utulivu. Unamwingiza mtu katika majaribu, ambako Neno linapimwa.

Hapo ndipo tunapoachana na wanaosema sala na tahajudi ni kitu kimoja. Mwili wa anayeomba unaweza kutulia kama wa anayehesabu pumzi, na hatuna sababu ya kulikataa hilo, maana Mungu ndiye aliyeumba mapafu na ubongo. Lakini sala ina anayesemeshwa. Zaburi nyingi ni kilio, wala hazitulizi moyo wa anayezisoma. Kama thamani ya sala ingepimwa kwa utulivu, Bwana wetu kule Gethsemane angekuwa ameshindwa kuomba.

Mikutano yetu wenyewe

Ni rahisi kukosoa walimu wa tahajudi. Ni vigumu zaidi kujitazama wenyewe. Tuhesabu yale yanayofanyika katika mikutano mingi ya maombezi, ya Kilutheri pia: saa nyingi za kusimama, tumbo lililofunga, pambio moja lililorudiwa mara 40, kinanda kinachonguruma chini ya mahubiri, macho yaliyofumbwa, sauti moja yenye mamlaka ikiamuru watu wapokee. Hayo yote ni yale yale yanayomlaza mlinzi wa getini. Wanaolaani hipnosisi siku ya Jumapili asubuhi wakaitumia jioni wanapaswa kulijua wanalolifanya.

Hatusemi kurudia ni dhambi. Liturgia yetu inarudia, na Baba Yetu tunaisema kila siku. Tunachosema ni kwamba mtu aliyefunguka hivyo amekabidhiwa kwetu, na kila neno tunalompa wakati huo lina uzito maradufu. Injili zinatupa vipimo. Kipofu wa Yeriko aliulizwa kwanza anataka afanyiwe nini, Marko 10. Wenye ukoma walitumwa kwa makuhani wakakaguliwe, Luka 17. Yule mtu wa Wagerasi alionekana baadaye ameketi, amevaa nguo, ana akili zake, Marko 5. Na Paulo katika 1 Wakorintho 14 anataka tuombe kwa roho na kwa akili pia. Ridhaa, uchunguzi na akili timamu: huduma isiyokuwa na haya matatu haijafikia kipimo cha Bwana, hata ikijaza uwanja.

Mirembe iko karibu nasi

Hapa Dodoma jambo hili halikai vitabuni. Hospitali ya Mirembe inawapokea wagonjwa wa akili tangu mwaka 1927, na jina lake limegeuzwa tusi nchi nzima: mtu akifanya jambo la ajabu huambiwa apelekwe Mirembe. Kwa Kiganda mirembe maana yake ni amani. Wanaotoka hospitalini humo hurudi Kongwa, Mpwapwa, Manyoni na kwingineko wakiwa na vidonge mkononi, na wengi wao huketi katika mabenchi yetu.

Tumekutana na familia ambayo kijana wao aliruhusiwa akiwa mzima kabisa, akarudi shambani. Katika mkesha wa maombi, kwa watu ambao hatutawataja, aliambiwa kwamba vidonge ni kutomwamini Mungu. Alivitupa huku watu wakishangilia. Siku chache alikuwa na furaha kubwa. Baada ya wiki kadhaa mama yake alimrudisha Dodoma amefungwa kamba nyuma ya pikapu. Mahubiri yale yalimfikia vizuri sana, na ndiyo maana yalimdhuru.

Mwaka 2011 taifa zima lilielekea Samunge, Loliondo, kwa mchungaji mstaafu wa kanisa letu, Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe kwa shilingi 500. Wapo waliorudi wakisema maumivu yamepungua, na baada ya yale tuliyoyaeleza juu ya maji ya moto hatuna sababu ya kuwaita waongo. Lakini wapo pia walioacha dawa zao za kila siku, na wapo waliofia njiani na kwenye foleni. Tumaini linaweza kupunguza uchungu bila kugusa ugonjwa.

Onyo hilo linawahusu na walimu wa tahajudi. Mtu aliyewahi kusikia sauti zisizokuwepo, au aliyewahi kuugua ugonjwa mkubwa wa akili, asiingizwe katika siku nyingi za ukimya bila daktari wake kujua. Kwa wengine ukimya mrefu huamsha ugonjwa badala ya kuutuliza. Luther naye alilijua hili kwa namna yake. Mwaka 1530 alimwandikia Jerome Weller, kijana aliyesongwa na huzuni, akamsihi aukimbie upweke na atafute watu wa kuongea nao.

Kwa watenda kazi wenzetu

Muumini akikuuliza kama anaweza kukaa kimya dakika 20 na kutuliza pumzi, mwambie anaweza, kisha mpe Zaburi ya kukaa nayo. Akikuambia daktari au mwanasaikolojia mwenye taaluma anataka kumtuliza maumivu kwa hipnosisi, muulize kama ameelezwa atakachofanyiwa na kama anaweza kukataa. Akija mtu kuombewa, muulize kwanza anatumia dawa gani, na baada ya maombi mkumbushe kuinywa. Ukiona semina inauza utulivu kwa ada, au mkutano unaodai sadaka wakati watu bado wamefumba macho, waonye kondoo wako bila kuogopa.

Eliya alipoomba kufa chini ya mretemu, 1 Wafalme 19, malaika hakuanza na mahubiri. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Sauti ndogo ya utulivu ilikuja baadaye, mlimani, naye aliisikia akiwa ameshiba na ameamka. Usingizi na chakula vilitoka kwa Mungu yuleyule aliyesema naye. Vidonge vya Mirembe navyo tuvipokee hivyo, na tuwafundishe washarika wetu kuvipokea kwa shukrani.