Kuwanakili Mafundi wa Sakafu

Msomaji, ukitamani kujifunza kuchora kwa rangi ya mafuta, wala huna mwalimu wa kukuongoza mkono, chagua picha moja iliyo bora uinakili. Shauri hili si jipya. Manet na Degas, kabla ya kusifika, walinakili kazi za wakongwe katika jumba la Louvre, mjini Paris. Na hata leo jumba hilo huwaruhusu wanakili kusimamisha turubai zao mbele ya picha, kwa sharti kwamba nakala isilingane na picha ya asili kwa ukubwa. Kunakili si wizi, maadamu hakuna anayehadaiwa.

Lakini unakili picha ipi? Wengi huwakimbilia wasichana wawili wa Renoir kwenye piano, picha ya mwaka 1892. Ni picha tamu, na utamu wake ni mtego: kingo za vitu zimeyeyuka, na mwanafunzi asiyejua maumbo huuficha upungufu wake ndani ya ukungu huo. Mimi nampendelea Gustave Caillebotte, rafiki wa Renoir, na picha yake ya mwaka 1875 ya mafundi wakwangua sakafu, ambayo sasa imo katika jumba la Orsay, Paris pia.

Itazame. Chumba ni kitupu. Wanaume watatu, vifua wazi, wamepiga magoti wakikwangua sakafu ya mbao. Dirisha liko nyuma yao. Kwa hiyo nuru huwapiga mabegani na migongoni, nyuso zao zikabaki kivulini. Maranda yamejikunja sakafuni. Kando ipo chupa ya mvinyo na bilauri. Wawili wameelekezeana vichwa kana kwamba wanazungumza. Waamuzi wa maonyesho makuu ya Paris waliikataa picha hii mwaka ule ule. Yamkini vibarua wa mjini, tena nusu uchi, hawakuwa watu waliozoeleka katika kuta zao. Mwaka 1876 ikatundikwa pamoja na kazi za Monet, Degas na wenzao walioitwa Waimpreshonisti.

Uchache wa rangi zake ni rehema kwa mwanafunzi. Tandaza kwanza kahawia iliyozimuliwa kwa tapentaini, ukigawanya giza na nuru tu, bila kujali vidole wala pua. Ikikauka, ndipo uongeze rangi nzito yenye mafuta ya kitani. Usiupindue utaratibu huo: tabaka lenye mafuta mengi hukauka polepole, na likilazwa chini ya tabaka linalokauka upesi, lile la juu hupasuka. Kisha uiendee sakafu, maana humo ndimo siri ilimo. Palipokwanguliwa, mbao hazina mng'ao. Palipobaki vanishi, huakisi nuru ya dirisha, nayo nuru hiyo si nyeupe tupu, bali ina ubaridi wa samawati. Anayechora mbao mojamoja hupata sakafu. Anayechora tofauti ya mng'ao hupata mchana wenyewe. Migongo nayo usiichore kwa mistari ya misuli. Weka nuru pale inapoangukia, na mfupa utajitokeza.

Émile Zola, mwandishi wa riwaya, alipoiona kazi ya Caillebotte mwaka 1876 aliilaumu kwa usahihi uliopita kiasi, akaona unadhifu wake unaiua sanaa. Kuhusu migongo na sakafu, sikubaliani naye hata kidogo. Kuhusu pambo la chuma la dirishani, nakiri ana hoja, kwani limechorwa kwa uangalifu wa karani. Hapo, msomaji, una ruhusa ya kuilegeza brashi yako.

Utagundua pia kwamba sakafu imeinuka mno kuelekea dirishani, kana kwamba mtazamaji amesimama juu ya mafundi. Usiisawazishe. Mwinuko huo ndio unaowasogeza wanaume hawa hadi karibu na miguu yako.