Ulimi Mbele ya Mauti

Ndugu Waislamu, Waingereza wana mzaha wao: mtu akifa husema ameipiga teke ndoo. Nasi hatuko nyuma. Vijana wetu husema "kadedi", neno walilolitohoa kwa Waingereza hao hao, au "kadanja", au "kakata kamba".

Hilo la mwisho likisemwa barazani, watu hucheka. Lakini lipeleke Geita na Shinyanga, kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, ambako mtu huteremka kwa kamba. Huko kamba si mfano wa maneno, ndiyo uhai wenyewe. Mjane wa mchimbaji atalisikiaje?

Mwaka 2015, Nyangalata, Kahama, shimo liliporomoka na watu wakafukiwa. Siku ya 41 watano walitolewa wakiwa hai. Basi saa ya mja aijua Mola peke yake, ulimi usimtangulie.

Hatukatazi tafsida yenye adabu. "Kufariki" asili yake ni Kiarabu, maana yake kutengana: humwachia maiti heshima yake na wafiwa huzuni yao. Mzaha huwapokonya wote. Tuuchunge ulimi, tuwaombee rehema waliotangulia. Zamu yetu yaja.